Kilemba Alichoazimwa Mtetea

Enzi za wanyama kwenda kutazama maigizo ya vita, mwenye uwanja alikuwa Jogoo, aliyejipenda kupita kiasi. Siku moja alimpa Mtetea, mama wa vifaranga, nafasi ya shujaa. Akavua kilemba chake chekundu, akamfunga kichwani, na miguuni akamfunga miiba.

"Uwike, utambe, kisha upige," akamwagiza. "Kama mimi."

"Mzee, mimi siwiki."

"Na shujaa asiyewika nani atamtazama?"

Mtetea akajitahidi. Sauti ikamkwama kooni, kilemba kikamziba macho, miiba ikamkwaza. Punda akapiga miayo, Mbuzi akaondoka, wenzao wakafuata.

"Nilijua," Jogoo akasema. "Hakuna anayetaka kuona jike akipigana."

Mtetea alikuwa akivua vitu vya watu kwa aibu alipoona Mwewe anawashukia vifaranga wake. Hakuwika wala hakutamba. Alitutumua manyoya, akaruka, akamvaa usoni kwa kucha na mdomo, wakabiringishana vumbini mpaka Mwewe akajinasua na kutoroka akiyumba. Wanyama waliokwisha kushika njia walikuwa wamerudi mbio, wakitazama wote wamesimama.

Jogoo akatoka nyuma ya pipa alikojificha. "Kesho urudie hivyohivyo," akasema, "ila usisahau kilemba."

"Kivae wewe, mzee," Mtetea akajibu, akiwafunika wanawe kwa mbawa. "Mimi kinanizuia kuona."

Jogoo akakivaa, na hajakivua mpaka leo. Kila alfajiri huwika kuwaita wanyama uwanjani, nao wakifika humpita mlangoni, wakamwulizia Mtetea.