Wasia Uliotengenezwa

Miaka hiyo sheria ilitaka kila video iliyoharibika itengenezwe na mashine, kisha ile mbovu ifutwe. Nyamizi alipopakua wasia wa marehemu mama yake, picha iliganda mama akisema, “Wanangu, nyumba hii…” Akapakua upya, ikaganda palepale. Basi akaiachia mashine.

Sasa mama alizungumza bila kukwama. “Nyamizi, nyumba hii iuzwe,” alisema akitabasamu.

“Umesikia mwenyewe,” kaka yake Masanja alifurahi.

“Kaka, mama hakuwahi kuniita Nyamizi. Aliniita bibi, kwa kuwa nimerithi jina la bibi yetu.”

“Ugonjwa hubadilisha mtu, mdogo wangu.”

Video ya awali ilikuwa imeshafutwa, na Nyamizi hakuwa na kitu cha kulinganisha. Jumamosi wanunuzi walipopiga hodi, aliwakaribisha, akawaonyesha chumba cha mama.