Aliyechora Ngazi

Atuganile, katibu wa tawi la Mbeya la Chama cha Wasanifu Majengo, hakuwa mtu wa kupindisha kanuni. Mwanachama akikosa mikutano mitatu mfululizo hufutwa, na ujuzi wake hutolewa kichwani mwake na kurudi makao makuu pamoja na kumbukumbu ya kila jengo alilolichora. Alikwisha kuwafuta kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa mumewe, Ambakisye, aliyekaa Tukuyu miezi mitatu akimuuguza mama yake.

"Hata mimi, Mama Lusajo?" aliuliza mezani, akicheka kidogo.

"Sheria ni msumeno, Baba Lusajo," alijibu, akabonyeza kitufe cha kufuta.

Ambakisye hakuumia popote. Alimaliza chai yake, akaanza kupanda ghorofani, kisha akasimama katikati ya ngazi na kuupapasa ukuta.

"Hivi nyumba hii alituchorea nani? Tazama alivyozizungusha ngazi ili jua la asubuhi likufikie pale unapokaa. Mtu huyu alikuwa anakupenda."

Atuganile alikusanya vikombe taratibu.

"Alikuwa mwanachama wetu," alisema.