Mbegu ya Mtindi

Wiki nzima sanduku la Nyamizi lilikaa mlangoni bila kufunguliwa, maana hakuwa amekata shauri kubaki katika bweni lile la wanafunzi wa kila nchi. Asubuhi hiyo alimkuta Tigist wa chumba cha pili jikoni, akitia kijiko cha mtindi wa jana kwenye bakuli la maziwa vuguvugu.

“Mbegu hii umeitoa wapi, dada?”

“Niliachiwa na Mmalagasi mmoja. Naye aliachiwa na msichana ambaye nchi yake siku hizi ina jina jingine. Aliyeanza hatumjui.” Tigist akamsogezea bakuli. “Mimi naondoka leo. Lifunike vizuri. Maziwa yakipoa hayagandi, na mbegu ndiyo imekwisha.”

Nyamizi akatafuta kitambaa, asikione. Akapanda mbio chumbani, akafungua sanduku, akaivuta khanga ya mama yake iliyokuwa chini kabisa.