Macho ya Mgongoni

Mwingereza alipowafukuza Wameru kaskazini mwa Mlima Meru, wanawake watatu marafiki, mmoja akiwa na mtoto mgongoni, walikataa kupanda lori lake la kuwahamisha. Walishika njia ya jangwani kwenda Nkoaranga kwa miguu, wakikanyaga majivu ya mlima, jua likiwachoma utosini.

Walikwenda kwa msururu, mama wa mtoto akiwa katikati. Kwao, mwenye mtoto mgongoni hageuki nyuma njiani. Anayemfuata ndiye macho yake. Aliyemfuata mama huyo ni Ndealilia.

Kule chini maziwa ya Momela yalimetameta, lakini maji yale ni magadi matupu.

Upepo ukavuma. Punje ya jivu ikatua ndani ya jicho la mtoto lililokuwa nusu wazi. Ndealilia akangoja alipepese. Punje ikabaki pale pale.

Wakisimama hapa, aliwaza, hakuna atakayenyanyuka tena.

“Mwenzangu,” mama akauliza bila kugeuka, “amelala?”

“Amelala. Twende.”

“Basi tusimwamshe.”

Tangu alfajiri mkono wa mama ulikuwa ukimpigapiga mtoto matakoni, kumbembeleza. Ndealilia akautazama. Ulikuwa umetulia, na majivu yalishatanda juu yake.