Pampu Isiyo na Kasoro

Pampu ya tatu, mzee aliinusa.

“Hii imeshatumika,” akasema, akairudisha juu ya kaunta. “Inanuka petroli.”

“Mzee wangu, nimeifungua kwenye boksi mbele ya macho yako,” alijibu mwenye duka, mwanamke mwenye sauti nzito ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spea. “Kama ni petroli, basi inanuka mikono yako.”

Binti wa mzee, aliyesimama pembeni yake, akainamisha kichwa. Hili lilikuwa duka la tano ndani ya wiki mbili, na kila duka pampu zilikuwa na kilema. Hii nyepesi mno, ile muhuri wake umekaa kombo, nyingine ukiiunganisha na betri inalia kama nzi ndani ya chupa. Mzee alitaka pampu ya mafuta ya kutegemewa, basi. Pikapu yake ilikuwa imemzidi umri hata binti mwenyewe. Ilibeba mbao za maseremala miaka nenda miaka rudi, ikasomesha watoto wanne. Hakuwa tayari kuiwekea takataka.

Kila mzee alipokataa pampu, binti alishusha pumzi. Kisha nafsi ikamsuta kwa kushusha pumzi. Maana pampu ya zamani haikuwa na ubaya wowote. Aliyeizima pikapu ni yeye.

Yote yalianzia kwa mama mmoja mwenye toroli la maji. Mchana kweupe, mama yule alikuwa akivuka barabara, na mzee hakupunguza mwendo hata kidogo. Binti, aliyeketi kando yake, alipiga ukelele na kuudaka usukani. Toroli lilipinduka, madumu yakabingirika hadi mtaroni, mama akabaki ameketi katikati ya barabara, mikono kichwani, lakini mzima.

“Katokea ghafla,” mzee alisema.

Hakutokea ghafla. Alikuwa amevaa nguo nyekundu kuanzia juu mpaka chini.

Lakini nani angemwambia? Kaka yake binti aliwahi kutaja miwani tu, akanuniwa mwezi mzima. Basi Jumapili moja, mzee alipojilaza baada ya chakula, binti alifungua boneti. Shemeji yake, fundi umeme, alikuwa amemweleza kwa simu: kwenye boksi la fyuzi kuna kidude cheusi, kidogo kuliko kibiriti, bila hicho pampu haipati umeme. Alivikuta viwili vinavyofanana kama mapacha. Akabahatisha, akachomoa kimoja, akakitia kwenye mkoba na kurudi ndani akinyata kama mwizi wa kuku.

Kesho yake alfajiri alimsikia baba yake akifungua boneti kukagua maji, kama kawaida yake. Kisha stata ikazunguka, ikazunguka tena. Injini haikuitika.

“Pampu,” mzee alisema, hata kabla hajashuka.

Mafundi wawili walikuja kujitolea kuiangalia. Aliwarudisha kutoka getini. Gari lake analijua mwenyewe.

Binti alikuwa amedhani baba yake atasusa, aliache gari uani, maisha yaendelee. Badala yake akajikuta anamshika mkono duka hadi duka, akimtazama anavyosoma maboksi kwa ncha za vidole. Kila jioni mzee alirudi na miguu iliyovimba, na binti alimpashia maji ya kuikanda bila kuweza kumtazama usoni.

Sasa Mama Spea alikuwa ametoka stoo na boksi lenye vumbi. “Hii ndiyo ya mwisho, na kama hii nayo ina kasoro, mzee, kanunue punda. Imetoka kiwanda kilekile kilichotengeneza gari lako.”

Mzee aliipima uzito mkononi. Akapapasa nembo kwa kidole gumba. Akamgeukia binti. “Nisomee namba.”

Binti akasoma. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Mama Spea akaiunganisha na betri, nayo ikanguruma taratibu, sauti moja, bila kukwaruza.

Mzee akaitafutia kasoro, asiipate. Jasho jembamba lilimtoka kwenye paji la uso.

“Niwafungie?” Mama Spea aliuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya binti ilikuwa imeishia pale kwenye kaunta. Kesho fundi angefungua tangi, angeikuta pampu nzima, na angeanza kutafuta. Afadhali baba alisikie kinywani mwake kuliko kwa fundi.

“Tupe dakika moja, mama,” akasema, akamwongoza mzee nje hadi kwenye benchi la barazani.

“Baba, pampu yako haijafa. Ni mimi.” “Nilichomoa hiki.” Akakitoa kidude kwenye mkoba, akamwekea kiganjani. “Niliogopa, Baba. Yule mama mwenye toroli… hukumwona. Nimekutembeza juani wiki mbili nzima, nakutazama unavyohangaika, na nikanyamaza. Nisamehe.”

Akangoja kukemewa. Mzee hakuinua sauti. Alikigeuza kile kidude, akapapasa viguu vyake vya chuma kimoja kimoja, muda mrefu.

“Sikumwona,” akasema mwishowe. “Hata nguo sikuiona.”

Kisha akaushika mkono wa binti yake, akamrudishia kidude na kumfumbatisha vidole.

“Na hiki ni cha honi, mwanangu. Cha pampu nilikichomoa mwenyewe, alfajiri ile.”