Pekupeku

Raba zangu niliziona chini ya kiti. Mama mkwe alikuwa amezificha, kisha akakikalia.

"Kaa, mwanangu. Mwili huo na mimba hiyo, utamtikisa mtoto."

"Mkunga kaniambia nitembee kila jioni, mama. Presha isinipande, tusije tukampoteza."

"Ukianguka, mkunga atakunyanyua? Labda aje na winchi!"

Wifi akaangua kicheko.

Kuinama siwezi, na kumsukuma mkwe sithubutu. Niliitazama miguu yangu iliyovimba, vidole vimebanana kama chane ya ndizi. Ee Mungu, ibebe.

Nikafungua mlango. Lami ilikuwa bado ya moto, ikaziunguza nyayo.

"Pekupeku? Watu wakuone?"

"Waone vizuri, mama. Wakimaliza kucheka, waniombee."

Nikashika njia ya mlimani.