Barafu ya Wenyewe

Kwenye jokofu letu hapa Marangu kuna bonge la barafu ya Peru. Ndivyo mataifa yalivyokubaliana barafu ya milimani ilipokaribia kwisha: kila nchi itunze barafu ya mwenzake, pasiwe na wa kujipendelea. Ile iliyobaki ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko Peru, majumbani mwa watu. Umeme ukipungua, maziwa acha yaharibike, nyama acha ioze, lakini barafu ya wenyewe isiguswe.

Wiki hii mama yangu, Aikaruwa, ameacha kula, na akili yake imerudi utotoni. Leo asubuhi alifumbua macho akasema, "Ndeshi, nipe barafu ya Kibo. Kidogo tu, niilambe."

"Mama, ile haiko hapa."

"Iko jikoni. Naisikia inavyonguruma."

Ningemwelezaje mkataba mtu anayekata roho? Nilichukua mchi wa kinu nikamega kipande, ingawa kosa hilo ni kifungo. Nilijiambia kwamba huko Peru pia yuko mtu na mama yake, na labda ya kwetu imeshamegwa zamani. Nikamwekea mdomoni.

Alinyonya taratibu kama mtoto. "Ni ya kwetu hii?"

"Ya kwetu, mama."

Akatabasamu, akanishika kichwa kwa mkono uliolowa, akanibariki kama wazee wetu walivyobarikiana: "Udumu kama Kibo, mwanangu."

Nikaitikia amina. Kisha nikaenda dirishani nikavuta pazia, kabla hajageuka akauona mlima ulivyo mweusi mpaka kileleni.